Kikumbusho cha Tatu

Nina wivu, tena wivu wa kweli, si ule wa kutaniwa. Nalisema mapema ili mtu asije kuniuliza mbele ya safari kama sikujijua. Nilijijua. Siku Mama Kadi alipoingia chumbani kwangu na ubao wake mweupe, akaupigilia ukutani palepale nilipokuwa nimetundika kalenda yangu, niliusikia wivu ukinipanda kutoka tumboni hadi kooni, ukakaa hapo donge.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya rafu za vitabu vya sheria, ubavuni mwa mashine ya fotokopi inayokohoa kutwa. Kwa miaka kumi na tisa nilikaa humo peke yangu nikiiangalia ile maktaba isiyoshikika kwa mkono: majarida ya mtandaoni, vitabu vya kusomwa kwenye kompyuta, hifadhidata. Vitabu vya karatasi vina wenyewe huko chini. Hivi vya hewani vilikuwa vyangu. Kila kimoja kina mchapishaji wake, mkataba wake, neno lake la siri na tarehe yake ya kuhuishwa. Tarehe ikipita hujathibitisha, mchapishaji anafunga, na mwalimu wa watu anabaki kukodolea macho skrini. Vilikuwa themanini na vinne, vyote kichwani mwangu na katika daftari moja la jalada la bluu, kwa mwandiko ambao siku nyingine hunishinda hata mimi mwenyewe. Hakuna tarehe iliyowahi kunipita. Hata moja! Chuo kizima kikaniita Bi Funguo, nami nikalipenda jina hilo kuliko alilonipa baba yangu.

Sasa mkuu wetu wa maktaba, mzee mpole mwenye tabia ya kutafuna vifuniko vya kalamu, akatangaza kwamba kazi hii itakuwa kitengo kamili na kitengo kitakuwa na mkuu wake. Nani mwingine, jamani? Halafu akaongeza kwamba amemleta mtu kutoka chuo kingine aje kutupangia hatua za kazi, na mwisho wa muhula atamchagua mkuu wa kitengo kati yetu wawili. Kati yetu wawili! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mama Kadi si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Angekuwa na maringo ningejua pa kumshika. Ni mama wa rika langu, mnene kidogo, viatu vyake vinalia akitembea, na akicheka huweka mkono kifuani kana kwamba anaomba radhi. Kazi yake ilikuwa kadi. Kila jarida alilitengenezea kadi yake ya karatasi ngumu, akaibandika ubaoni chini ya hatua iliyofikia: Ombi, Jaribio, Mkataba, Fungua, Orodhesha, Kagua, Huisha. Kazi ikisogea, kadi inasogea. Mtu yeyote akiingia anaona kila kitu kilipo bila kuniuliza mimi.

Bila kuniuliza mimi. Hebu nieleweni hapo.

Alikaa nami wiki tatu, kiti kwa kiti, akinitoa yaliyomo kichwani. "Dada yangu, hili nalo?" ananiuliza. "Neno lake la siri? Nani wa kumwandikia likigoma?" Namjibu, anaandika. Kila jibu nililompa nilihisi limeniacha mwepesi kidogo, na si wepesi wa raha. Tulipofika la themanini na nne alilifunga daftari langu la bluu kwa mikono miwili, akasema, "Wewe ulikuwa unabeba mzigo wa watu watano." Mwingine angefurahi. Mimi nilisikia "ulikuwa".

Haukupita mwezi, watu wakahama. Daktari wa mimea, aliyezoea kuja kuniegemea mezani akilalamika kwamba makala zake hazifunguki, sasa alikuwa anaingia, anautazama ubao, anasema "Aa, kumbe iko kwenye mkataba," kisha anaondoka zake. Hata salamu ananipa kwa kisogo. Mkuu naye akawa analeta wageni kuutazama ubao. "Tazameni," anawaambia, kifuniko cha kalamu mdomoni, "hata mimi naelewa!" Wageni wanacheka. Mama Kadi anaweka mkono kifuani. Mimi nabonyeza vitufe vya kompyuta isiyokuwa na kitu.

Nyumbani nilimsema mpaka mume wangu, ambaye huendesha kreni na si mtu wa maneno, akaweka kijiko chini. "Mke wangu, huyo mama unamtaja kuliko unavyonitaja mimi. Nianze kuwa na wasiwasi?"

"Kula," nikamwambia.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonikata maini lilitoka kwa mdogo wangu.

Huyu mdogo wangu nimemlea. Mama yetu alifariki mimi nikiwa na miaka kumi na minane, yeye minne, na tangu siku hiyo mgongo wangu ndio uliokuwa kitanda chake. Ni mkunga. Alikuwa anaandika tasnifu yake ya udaktari hapahapa chuoni, huku akiendelea na zamu zake, akisoma makala kwenye simu kwa mkono mmoja wakati wa mapumziko. Makala zote hizo alizipata kwa mlango wangu. Akikwama hunipigia: "Dada, nifungulie." Namfungulia. Ndiyo ilikuwa lugha yetu.

Jumapili moja akaja nyumbani, akajitupa kwenye kochi, akavua viatu. "Dada, yule Mama Kadi ni mtu! Nilimwandikia juzi, akanionyesha namna ya kutafuta ambayo sikuijua. Nimeokoa wiki nzima. Ana roho nzuri yule, wallahi."

"Ulimwandikia yeye?"

"Picha ya ubao wenu mmeiweka mtandaoni, si nimeona chini yake anwani ya barua pepe, ile yenu ya pamoja? Nikaandika hapo, akajibu yeye." Akanitazama. "Kwani vibaya?"

"Vibaya nini," nikasema. "Ndiyo kazi yake." Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Machozi yalinitoka, nisidanganye. Amchukue daktari wa mimea, amchukue Mkuu na wageni wake wote. Lakini huyu? Huyu niliyemfunga mgongoni kwa kanga ya marehemu mama?

Ile anwani ya pamoja ndiyo iliyonipa njia. Zamani vikumbusho vyote vya wachapishaji vilikuja kwangu, kwa jina langu. Mama Kadi akataka vihamie kwenye anwani ya pamoja, ili hata mmoja wetu akiugua kazi isilale. Nilikuwa nawaandikia wachapishaji mmoja baada ya mwingine wabadilishe. Nilifika kwa mchapishaji wa majarida ya afya, lile furushi kubwa wanalolisoma madaktari, wauguzi na wakunga, na mkono ukasimama. Tarehe yake ya kuhuishwa ilikuwa Jumatatu ileile ambayo Mkuu alisema atakaa nasi kuamua juu ya ukuu wa kitengo.

Sikumwandikia.

"Zote umehamisha?" Mama Kadi aliniuliza jioni ile, kadi mkononi.

"Zote."

Utaratibu wake mwenyewe ulitaka kila anwani iliyohamishwa ihakikiwe: unamwomba mchapishaji atume ujumbe wa majaribio, ukifika ndipo unaweka alama. Alizishika kadi zangu, akazipanga vizuri kama karata, akacheka. "Za Bi Funguo nihakiki nini? Nitakuwa najipotezea muda." Akaweka alama zote kwa mkupuo.

Mpango wangu haukuwa wa kuua mtu. Furushi la afya litafungwa Jumatatu asubuhi. Simu zitalia. Ubao utasema kila kitu kiko sawa, na kila mtu ataona kwamba ubao si kitu. Mama Kadi atahangaika. Kisha mimi nitaketi, nitaandika mstari mmoja wa kuthibitisha, na ifikapo saa sita mlango uko wazi. Mkuu atajua nani ni nani. Mdogo wangu atapiga simu kusema "Dada, nifungulie", nami nitamfungulia. Saa tatu tu za usumbufu. Nani amewahi kufa kwa saa tatu?

Kikumbusho cha kwanza kikaja kwangu peke yangu. Nikakifungua, nikakifunga. Cha pili, vilevile. Cha tatu kilikuja Ijumaa, nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa Mama Kadi, naye ananimiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa yake. "Chukua, dada yangu, umepauka." Nikapokea kikombe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikakifunga kikumbusho.

Jumatatu saa tatu na robo simu ya kwanza ililia. Ya pili ikadakia. Kitivo cha udaktari, chuo cha wauguzi, profesa mmoja anayefoka mpaka simu inatetemeka. Na wote walikuwa wananitafuta mimi! "Mpe Bi Funguo! Bi Funguo yuko wapi?" Nilisikia utamu, nisifiche. Mama Kadi alikuwa amesimama mbele ya ubao, kidole juu ya kadi ya afya. Viatu vyake havikulia kwa sababu hakusogea.

Nikaketi. Nikavuta kompyuta. Nikaandika ule mstari mmoja, nikatuma, nikakunja mikono.

Jibu lilirudi baada ya dakika mbili. Mkataba umekwisha muda. Mkataba uliokwisha hauhuishwi. Mjaze fomu ya taasisi mpya, isainiwe na mwanasheria wenu, iletwe. Baada ya kuipokea, subirini siku kumi na nne za kazi.

Nilisoma mara tatu. Jamani, mimi sikulijua hilo! Ningelijuaje? Miaka kumi na tisa sikuwahi kuchelewa hata siku moja. Nilizijua njia zote za kuuweka mlango wazi, na sikuwahi kujifunza unafunguliwaje ukishafungwa.

Simu yangu ya mkononi ikalia. Mdogo wangu.

"Dada, majarida yamegoma. Yote. Na msimamizi wangu anasafiri Ijumaa, haonekani tena kwa miezi sita. Sura ya pili lazima aione kabla. Bado makala arobaini na moja sijazisoma. Dada, nifungulie."

"Subiri kidogo," nikasema. "Subiri tu kidogo, mama."

Tulikaa kwa Mkuu saa nane. Akatoa kifuniko mdomoni, jambo ambalo hulifanya akiwa amekasirika kweli. "Nani ananieleza? Ubao unasema vikumbusho vya furushi hili vinakuja anwani ya pamoja. Havikuja. Kwa nini?"

Nikafungua kinywa. Ningesema palepale, ingekuwa aibu ya siku moja. "Labda mchapishaji hakubadilisha anwani," nikasema. "Hutokea."

"Hutokea," Mama Kadi akaitikia, sauti chini. "Ndiyo maana kuna hatua ya kuhakiki. Mimi niliiruka. Niliweka alama bila kuhakiki. Kosa ni langu, Mkuu, nisimtafute mtu."

Mkuu alimtazama, akanitazama mimi, akapumua. Uamuzi ulichukua muda mfupi kuliko kunywa glasi ya maji. Nikatoka mle ndani nikiwa mkuu wa kitengo. Mama Kadi akanishika mkono mlangoni. "Hongera, dada yangu. Ni haki yako." Mkono wake ulikuwa baridi.

Alirudi mezani akavuta simu. Aliwapigia watu wa maktaba za vyuo alikowahi kufanya kazi, mmojammoja, kwa majina ya utani, akiwatania, akiwabembeleza. "Nina mkunga wangu hapa, makala arobaini na moja. Nitumie tano tu. Haya tatu. Wewe si rafiki yangu wewe?" Zikaanza kuja, tatu, sita, mbili. Kila inapofika anampelekea mdogo wangu. Na mimi, niliyemfungia mwenyewe, nimekaa pale na cheo changu kipya, naona wivu! Naam, hata wakati ule. Nilitaka niwe mimi ninayezituma. Nilijaribu, lakini marafiki wa kuwapigia sikuwa nao. Nilikuwa nimejifungia na daftari langu miaka kumi na tisa.

Alhamisi jioni mdogo wangu akanitumia ujumbe. Makala thelathini na nane zimepatikana. Sura imekwenda.

Wiki ya pili jibu rasmi la mchapishaji likaja kwenye anwani ya pamoja. Mama Kadi alikuwa amewaandikia mwenyewe kuuliza anwani ilikosewa wapi, apate kurekebisha utaratibu. Nilimwona anasoma. Nilimwona anasoma tena. Akachapisha ukurasa mmoja, akaja nao, akauweka mezani kwangu ukiwa umelala kifudifudi.

"Nakala hii ni yako," akasema. "Nyingine sikuchapisha."

Nikaugeuza. Hatujapokea ombi lolote la kubadilisha anwani. Vikumbusho vitatu vilitumwa kwa jina lifuatalo, na vyote vitatu vilifunguliwa tarehe zifuatazo. Jina lilikuwa langu.

Nilipoinua uso alikuwa ubaoni, amenipa mgongo. Alikuwa anapitia kadi zangu, zote, akiongeza kwa kalamu nyekundu chini ya kila moja neno moja: Hakiki. Hakuniambia kitu siku ile, wala kesho yake, wala mpaka leo. Salamu ananipa. Maji ya moto hajanimiminia tena.

Basi nikakaa na ukuu wangu. Muhula ukaisha, mwingine ukaingia. Furushi la afya likafunguka, watu wakasahau. Mdogo wangu akatetea tasnifu yake, akapita, tukalia na kucheka na kupigana vibao vya mabega. Nikajiambia yamekwisha.

Tasnifu ikipita huletwa kwetu iwekwe kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo. Mkuu wa kitengo ndiye anayekagua ukurasa kwa ukurasa. Iko sawa, anabonyeza "Ipokelewe". Ina kosa, anabonyeza "Irudishwe kwa mwandishi", anaandika sababu, na mfumo unampelekea mwandishi ujumbe hapohapo. Jana asubuhi, tasnifu ya mdogo wangu ilikuwa ya kwanza kwenye foleni. Nilivuta kiti nikafuta miwani. Jina lake pale juu, na neno Daktari litakalotangulia! Nikafungua ukurasa wa pili, ukurasa wa shukrani.

Msimamizi. Wakunga wenzake. Mama Kadi, "aliyenitafutia makala thelathini na nane kwa siku nne". Nikangoja wivu upande. Ulipanda kidogo, kwa mazoea. Kisha nikaona mstari wa mwisho, peke yake, chini.

"Na kwa dada yangu, aliyenibeba mgongoni, ambaye maishani mwangu hajawahi kunifungia mlango."

Mashine ya fotokopi ilikuwa inakohoa. Mama Kadi alikuwa mezani kwake anapiga chapa. Nilijua kwamba nikibonyeza "Ipokelewe" ule mstari utasomwa mradi chuo kipo, na hakuna atakayeuliza. Ule ukurasa uliochapishwa ulikuwa bado kwenye droo ya chini, umekunjwa mara nne.

Nikabonyeza "Irudishwe kwa mwandishi". Penye sababu nikaandika: Ukurasa wa shukrani una kosa, mstari wa mwisho.

Hazikupita dakika tano, simu ikalia.

"Dada! Kosa gani tena? Huo mstari nimeusoma mara mia, nimempa na rafiki yangu ausome. Herufi zote ziko sawa!"

"Herufi ziko sawa," nikasema.

"Sasa?"

Mama Kadi aliacha kupiga chapa. Hakugeuka. Nikaivuta droo ya chini, nikautoa ule ukurasa, nikaukunjua juu ya meza ili nisije nikakosea hata tarehe moja.

"Uko kazini au nyumbani?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Dada, unanitisha."

"Kaa kitako kwanza, mdogo wangu," nikamwambia. "Umekaa?"